Ugonjwa wa Malale na Namna Unavyotambulikana

Watu wa Kibondo na Kasulu hawana haja ya kuelezwa mbung'o ni mdudu gani. Mrina asali aliyekwenda kutazama mizinga yake katika pori la miyombo, mvuvi aliyeshuka kwenye mabonde ya mto Malagarasi, mkata miti, mchungaji, na mwanamke aliyekwenda kutafuta kuni, wote wamekwisha kuonja uchungu wa mdomo wake. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, hata miongoni mwa watu waliosoma, nalo ni hili: ugonjwa anaouleta mbung'o hauanzi kwa usingizi. Jina lake ni malale, na jina hilo limewapoteza watu wengi. Wamengoja mpaka wamwone mgonjwa akisinzia mchana ndipo wampeleke hospitali, kumbe wakati huo ugonjwa umekwisha kuingia katika ubongo.

Katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi malale inavyoingia mwilini, jinsi inavyokwenda siku hata siku, na jinsi daktari anavyoitambua. Tutakaa zaidi katika jambo hili la mwisho. Mtu mwenye malale asipotibiwa hufa. Akitambuliwa mapema hupona. Baina ya mambo hayo mawili kuna tone moja la damu na mtu wa kulitazama.

Chanzo cha ugonjwa kilivyojulikana

Mwanzoni mwa karne ya 20 palizuka maafa makuu katika Uganda. Kandokando ya Ziwa Viktoria, na hasa katika nchi ya Busoga, watu zaidi ya 200,000 walikufa kwa malale katika miaka michache. Vijiji vingi vilibaki mahame, wala hakuna aliyejua ugonjwa huo umetoka wapi. Mwaka 1902 daktari mmoja Mwitaliani, jina lake Aldo Castellani, alipokuwa Entebbe alichukua maji ya mgongoni mwa wagonjwa, akayatazama kwa darubini ya kukuzia vitu, akaona ndani yake vidudu vilivyo hai vikijinyonganyonga. Mwaka uliofuata David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, pamoja na wenzake, wakaonyesha ya kuwa vidudu hivyo huchukuliwa na mbung'o. Kisha mwaka 1909 Mdachi mmoja, Friedrich Karl Kleine, aliyefanya kazi katika nchi hii wakati wa utawala wa Wadachi, akathibitisha ya kuwa kidudu hicho hukaa na kukua tumboni mwa mbung'o kwa siku nyingi kabla mbung'o hajaweza kumwambukiza mtu mwingine.

Kidudu chenyewe huitwa tripanosoma. Ni chembamba, chenye ncha mbele na nyuma, na urefu wake ni kama mara tatu au nne ya upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Macho matupu hayawezi kukiona. Chini ya darubini huonekana kikiogelea kama kambare mdogo katika matope, kikizipiga kumbo chembe za damu kila upande.

Tripanosoma zinazoleta malale kwa watu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya Afrika ya magharibi na ya kati, katika Kongo na nchi nyingine. Hiyo huenda polepole, na mgonjwa aweza kuishi nayo miaka kadhaa. Namna ya pili ni ya upande wetu wa mashariki. Hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1910 na wataalamu Stephens na Fantham wa Liverpool, katika damu ya mtu aliyeugua kwenye bonde la Luangwa, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Namna hii ni kali na ya haraka. Mara nyingi humwua mgonjwa katika muda wa miezi sita, na pengine hata kabla ya hapo. Hii ndiyo malale ya Kibondo na Kasulu.

Katika Tanganyika ugonjwa huu mkali ulitambuliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata ukaonekana katika mapori ya magharibi. Katika miaka ya 1930 Serikali ya wakati ule iliwahamisha Waha wengi waliokuwa wametawanyika porini, ikawakusanya katika makazi makubwa, na miti ikafyekwa pande zote. Sababu yake ni kwamba mbung'o hapendi mahali peupe palipolimwa. Hutaka kivuli cha miti na wanyama wa kunyonya damu. Amri ile ilikuwa nzito, maana watu waliacha migomba yao, mizinga yao na makaburi ya wazee wao. Nyumba zilipokaribiana na mashamba yakapanuka, mbung'o walisogea mbali. Lakini pori halikwisha, wala malale haikwisha. Kwa miaka mingi baada ya hapo wagonjwa waliendelea kupatikana katika wilaya hizi. Siku hizi ni wachache sana kuliko zamani, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo uchache huo una hatari yake: ugonjwa usioonekana mara kwa mara husahauliwa, na ugonjwa uliosahauliwa hautafutwi.

Mbung'o na mazoea yake

Mbung'o ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Akitua huzikunja mbawa zake moja juu ya nyingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Kwa alama hiyo atambulikana mara moja. Huuma mchana, dume na jike pia, na huvutwa na kitu kinachotembea na rangi ya buluu iliyoiva au nyeusi. Ndiyo sababu hufuata ng'ombe, baiskeli na magari njiani. Hatagi mayai kama inzi wengine. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, kila baada ya siku 9 au 10, naye mtoto hujifukia katika udongo laini wenye kivuli.

Si kila mbung'o aliye na kidudu cha malale. Walio nacho ni wachache sana. Mbung'o hukipata kwa kunyonya damu ya mnyama au ya mtu aliye nacho. Huku kwetu ghala ya kidudu hiki ni wanyama. Mwaka 1958 wataalamu waliokuwa Kenya walikipata katika damu ya pongo, na baadaye kikapatikana katika ng'ombe pia. Pongo huyo hutembea na kula kama kawaida, wala haonyeshi ugonjwa wowote. Kwa hiyo hata kama mwaka mzima hapana mtu mmoja aliyeugua, kidudu chaweza kuwa kimekaa porini kikingoja.

Mbung'o akikinywa kidudu, huchukua muda wa majuma matatu hivi kabla ya kuweza kuambukiza. Tangu hapo huwa na hatari mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini malale haipatikani kwa kupeana mikono, wala kwa kula chungu kimoja, wala kwa kulala nyumba moja na mgonjwa. Mama mwenye mimba aweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, lakini jambo hilo ni la nadra. Basi mgonjwa wa malale asitengwe.

Mwendo wa ugonjwa

Tuchukue mfano wa mtu mmoja, ambaye si fulani tunayemjua bali ni mfano wa wengi. Ni mrina asali wa Kibondo. Amekaa porini siku kumi, na mbung'o wamemwuma mara nyingi hata hawezi kuhesabu. Amerudi nyumbani na madumu yake ya asali, naye ni mzima.

Siku chache baadaye yaona mahali pamoja mkononi pamevimba, pekundu, pana moto na maumivu. Adhani ni jipu. Jipu hilo halitoi usaha, na baada ya majuma mawili au matatu linakauka lenyewe. Hiyo yaweza kuwa alama ya kwanza ya malale, maana pale ndipo vidudu vilipoingia na kuanza kuzaana. Lakini si wote wanaoipata, na wengi walioipata hawaikumbuki.

Kati ya juma la kwanza na la tatu baada ya kuumwa, homa yaanza. Kichwa chauma, viungo vyauma, mwili wachoka. Homa hii hupanda na kushuka. Leo kali, kesho nafuu. Pengine mitoki huvimba, na uso hujaa chini ya macho. Mtu huyu asema, "Ni malaria tu," na majirani wasema vivyo hivyo, maana malaria ni jirani wa kila nyumba. Ameza dawa. Homa yapungua siku mbili, kisha yarudi.

Hapa ndipo njia panda. Katika siku hizi vidudu vingali katika damu. Vikitafutwa sasa vitaonekana, na matibabu ni mepesi. Mwili wenyewe unajitahidi kupigana navyo, lakini tripanosoma ni mjanja: amevaa kama joho nje ya mwili wake, na askari wa damu wakishaijua joho hiyo na kumwangamiza, wachache kati ya wenzake huwa wamekwisha kuvaa joho nyingine. Hao huzaana tena, na askari hawana budi kuanza upya. Kwa sababu hiyo homa hupanda na kushuka.

Baada ya majuma kadhaa vidudu huvuka na kuingia katika ubongo. Hapo jamaa waona mambo wasiyoyaelewa. Mtu aliyekuwa mpole awa mkali, au mtu wa maneno mengi anyamaza. Mikono yatetemeka, mwendo wayumba, maneno yakokota. Usiku yu macho akizunguka uani. Mchana asinzia na tonge mkononi. Wengine hupata kifafa. Watu wasema amerukwa na akili, au amelogwa, na pengine jirani asiye na hatia ashtakiwa kuwa mchawi. Mwishowe mgonjwa akonda, ashindwa kula, azimia, afa.

Tena tuseme hili wazi. Katika malale kali ya upande wetu, wengine hufa kwa homa na kwa moyo kudhoofika kabla usingizi haujaonekana hata kidogo. Kwa hiyo anayengoja usingizi huenda asiuone, na badala yake akaona jeneza.

Namna daktari anavyotafuta

Daktari hana uchawi. Kazi yake ni kama ya msasi: kwanza huuliza habari, kisha hutazama nyayo, ndipo amtafute mnyama mwenyewe.

Jambo la kwanza ni maswali. Homa ilianza lini? Umemeza dawa gani? Katika mwezi uliopita ulikwenda wapi? Mbung'o walikuuma? Mgonjwa asifiche. Wako watu waliokwenda kuwinda au kurina asali katika hifadhi bila ruhusa, nao huogopa kusema walikuwa wapi. Lakini daktari si askari wa wanyama. Anauliza ili ajue cha kutafuta, maana asiyeambiwa habari za pori hatafuti ugonjwa wa pori. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

Jambo la pili ni kuutazama mwili. Daktari hutafuta kile kijipu au kovu lake, hupapasa mitoki, hupima homa, husikiliza moyo, na hutazama mikono kama inatetemeka na mwendo kama umenyoka. Dalili hizi zote huleta shaka tu, hazileti hakika. Malaria, homa ya matumbo na magonjwa mengine yanaweza kufanana nazo.

Jambo la tatu ni damu, na hapa hakika hupatikana. Mpimaji hudunga ncha ya kidole, akaweka tone la damu juu ya kipande cha kioo, akalifunika na kutazama kwa darubini. Vidudu vikiwamo huonekana vikichezacheza na kuzisukuma chembe nyekundu. Tone jingine hukaushwa na kutiwa rangi iitwayo Giemsa, ili umbo la kidudu lionekane vizuri. Iko na njia ya tatu: damu hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo, mrija huzungushwa kwa nguvu katika mashine, na chembe nyekundu hushuka chini. Tripanosoma hukusanyika palepale penye mpaka wa chembe na maji ya damu, na hata zikiwa chache zaweza kuonekana. Katika malale ya upande wetu vidudu katika damu huwa vingi kuliko katika ile ya magharibi, kwa hiyo darubini ya kawaida yafaa sana.

Lakini kwa kuwa idadi ya vidudu hupanda na kushuka, huenda damu ya leo isionyeshe kitu. Daktari akisema, "Rudi kesho tupime tena," mgonjwa asidhani kwamba anachezewa. Kupima mara mbili na tatu ni sehemu ya kazi.

Sasa twataka wasomaji waangalie jambo hili kwa makini. Katika zahanati nyingi siku hizi malaria hupimwa kwa kile kipande kidogo chenye mistari, kiitwacho kipimo cha haraka. Ni chombo chema, nacho kimeokoa watu wengi. Ila kinajua malaria peke yake. Zamani mpimaji aliyetafuta malaria kwa darubini aliweza kukutana na tripanosoma bila kutazamia. Kipimo cha haraka hakiwezi kukutana na kitu kisichotafutwa. Wala hakuna mpaka leo kipimo cha haraka cha namna hiyo kwa malale ya mashariki. Tena mtu mmoja aweza kuwa na malaria na malale pamoja. Basi kipimo kikionyesha malaria, na dawa ikamezwa yote, na homa ikarudi, shauri halijaisha. Mtu huyo apelekwe penye darubini, yaani kituo cha afya au hospitali ya wilaya, naye aseme bila haya: "Bwana Daktari, nilikuwa porini, mbung'o waliniuma, naomba damu yangu itazamwe kwa darubini."

Maji ya mgongoni

Vidudu vikishaonekana katika damu, huja swali jingine: vimekwisha kuingia ubongoni, au bado? Ubongo, pamoja na mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo, umezungukwa na maji maangavu kama maji ya chemchemi. Kilichoingia ubongoni huacha alama katika maji hayo. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, kila mgonjwa wa malale alichomwa sindano mgongoni ili maji machache yatolewe na kutazamwa. Kama tripanosoma zimo, au kama chembe nyeupe zimezidi 5 katika kipimo kimoja cha ujazo wa milimita moja pande zote, daktari husema ugonjwa umefika daraja la pili. Kama hakuna tripanosoma, na chembe ni 5 au chini yake, ugonjwa ungali katika daraja la kwanza.

Sindano hiyo imeogopwa mno. Husemwa ya kuwa anayetolewa maji ya mgongo huwa kiwete, au hupoteza nguvu za kiume. Hebu tueleze inavyofanywa. Mgonjwa hulala ubavu au huketi ameinama, mgongo umepinda kama upinde. Mahali husafishwa kwa dawa. Sindano huingizwa chini kiunoni, baina ya mifupa, mahali ambapo mshipa mkuu wa fahamu umekwisha kukoma juu yake. Kwa hiyo sindano haiuchomi mshipa huo. Matone machache hutolewa, na mwili hutengeneza maji mengine kila siku, kiasi cha nusu lita. Wengine huumwa kichwa siku moja au mbili baadaye. Uwete unaoonekana kwa wagonjwa hawa, kwa kawaida, huletwa na ugonjwa uliokwisha kushika ubongo. Ukionekana baada ya sindano, watu hulaumu sindano.

Maji hayo hayatazamwi kwa sababu ya malale tu. Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani uko ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multipo sklerosisi. Humo askari wa mwili wenyewe hugeuka na kuishambulia ngozi laini inayoifunika mishipa ya fahamu, kama mtu abambuaye gamba la mti wake mwenyewe. Mgonjwa huona ukungu machoni, miguu hufa ganzi, mwendo huyumba. Dalili huja, huondoka, na kurudi. Hakuna kidudu cha kukamatwa, wala hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Madaktari hukusanya habari za dalili, picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine kubwa yenye sumaku, na alama zilizo katika maji ya mgongoni, ndipo wapitishe hukumu. Na huenda ikachukua muda mrefu. Tumeutaja ugonjwa huo ili wasomaji waone tofauti. Malale nayo huharibu ubongo, lakini adui wake ana umbo, aweza kuonekana, na aweza kuuawa. Ni jambo la kusikitisha mtu kufa kwa adui anayeonekana, kwa kuwa tu hakuna aliyemtazama.

Matibabu

Dawa ya kwanza iliyofaa kwa malale ya daraja la kwanza katika nchi zetu ni suramini, iliyoanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Haikuweza kuingia ubongoni. Kwa daraja la pili ilipatikana melarsoproli mwaka 1949, dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya arseniki. Iliwaponya wengi, lakini iliunguza mishipa ilipopita, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, kati ya 3 na 10 waliuawa na dawa yenyewe. Madaktari waliitoa kwa hofu, kwa kuwa bila dawa hiyo wote wangalikufa.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Kwa malale ya mashariki, mtu mwenye umri wa miaka 6 au zaidi, na uzito wa kilo 20 au zaidi, aweza kutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli. Vidonge hivyo vilijaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Humezwa mara moja kila siku kwa siku 10, pamoja na chakula, chini ya macho ya mwuguzi, na huponya daraja zote mbili. Kwa hiyo wagonjwa wengi hawalazimiki tena kutolewa maji ya mgongoni ili dawa ichaguliwe. Watoto wadogo bado wanahitaji kipimo hicho. Dawa za malale hutolewa bila malipo kwa njia ya Shirika hilo.

Hata hivyo dawa njema haimponyi mtu ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Wala haiwezi kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika. Ukuu wa dawa mpya unategemea wepesi wa kupima.

Kujikinga

Hakuna chanjo ya malale, wala vidonge vya kumeza kabla ya safari. Anayekwenda porini avae nguo nzito zenye mikono mirefu, za rangi hafifu, wala zisiwe za buluu wala nyeusi. Kambi ipigwe mahali peupe. Ng'ombe watiwe dawa ya kuua wadudu kama bwana mifugo anavyoagiza, maana kumkinga ng'ombe ni kumkinga na mchungaji. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, ikiwekwa njiani penye mbung'o, huwaua wengi. Anayekata vitambaa hivyo kwa kushona viraka anamfungulia adui mlango. Katika kisiwa cha Unguja mbung'o walimalizwa kabisa mwaka 1997, kwa dawa na kwa kuachilia madume yaliyofanywa tasa. Bara ni pana, na jambo hilo si rahisi kwetu. Lakini laonyesha ya kuwa mbung'o si mdudu asiyeshindikana.

Mambo ya kukumbuka

1. Malale huanza kwa homa. Usingizi huja mwisho, na pengine hauji kabisa.

2. Homa iliyorudi baada ya dawa ya malaria, kwa mtu aliyekuwa porini, ni shauri la darubini siku hiyo hiyo.

3. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha malale.

4. Mwambie daktari pori ulilokwenda, hata kama hukuwa na ruhusa ya kwenda.

5. Mtu aliyebadilika tabia, anayetetemeka na kukesha, apelekwe hospitali kabla hajatafutwa mchawi.

6. Usikatae sindano ya mgongoni ikiwa daktari ameiona kuwa lazima.

Nawaomba wanafunzi wanaosoma kitabu hiki wawasomee wazee na ndugu zao jioni, hasa katika nyumba za warina asali na wavuvi. Maana hao ndio wanaokutana na mbung'o, na wengi wao hawapati nafasi ya kusoma. Akitoka mtu porini na homa ikamshika, sisi sote twajua sasa la kumwambia.